Sheria za mazingira na waajiri, Bunia
Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hutegemea sana dhahabu, hivyo uzito wa sheria za mazingira huonekana hapa machimboni zaidi kuliko viwandani (navyo ni vichache). Sheria Na. 11/009 ya 2011 humtaka mwekezaji atathmini athari za mradi kabla ya kuuanza. Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, humdai pia afukie mashimo na kurekebisha ardhi. Hudaiwa kuwa gharama hizo huua ajira. Dai hilo ni kweli nusu tu: anayelipa ni kampuni yenye anwani ya kupelekewa barua, ilhali mashimo yasiyo na kibali hutumia zebaki bila kuulizwa. Kinachomuumiza mwajiri, basi, ni sheria kumfuata yeye peke yake. Kuilegeza hakuondoi hasara ya uharibifu wa mazingira. Huihamishia kwa mkulima na mvuvi wa mtoni, ambao nao wana kazi.