Maji ya magadi na samaki wasiokufa

Najua nimepotea siku nyingi, mnisamehe sana. Kwanza ilikuwa mazoezi ya kufundisha, halafu mitihani, halafu bumu likachelewa, si mnajua tena maisha yetu hapa Mlimani. Sasa jana jioni mwenzangu wa chumbani kabandika maharage (kupika hosteli hairuhusiwi, lakini ndiyo hivyo), akatia magadi kidogo yaive haraka. Ile harufu tu ikanikumbusha deni langu kwa mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili kule nyumbani. Leo nalilipa.

Kwetu ni Digodigo, wilaya ya Ngorongoro. Wasiopajua, ni jirani na Samunge, kule watu walikokwenda kunywa kikombe cha Babu mwaka 2011. Sisi ni Batemi, ingawa wengi mnatuita Wasonjo. Ukiteremka bonde upande wa mashariki unakutana na ziwa Natron. Mazoezi yangu nilifanyia shule moja ya kule, na kwa kuwa walimu wa sayansi walikuwa hawatoshi, mimi mtu wa historia nikaambiwa nishike na kemia. Basi nikaingia darasani na chupa mbili: moja maji ya mfereji wetu, ya pili maji ya chemchemi ya moto ya pembeni mwa Natron. Karatasi ya litimasi ikageuka bluu kwenye ile ya pili. Nikawaambia kwa kujiamini, haya ya mfereji ni mazuri, haya ya magadi ni mabaya. Binti mmoja akanyoosha mkono: “Mwalimu, kama ni mabaya, mbona kule kuna samaki na hawafi?” Jamani! Nikasema tutajibu kipindi kijacho. Kipindi kijacho hakikufika, muda wangu uliisha.

Niliporudi chuo nikaingia maktaba, na nikagundua kwamba swali lile lina historia ndefu.

Wa kwanza kupima maji upande wetu walikuwa wazee wenyewe. Mzungu mmoja, Robert Gray, aliandika kitabu juu ya Wasonjo kilichotoka mwaka 1963. Sehemu kubwa inahusu mifereji, na jinsi baraza la wenamiji linavyogawa zamu za maji. Kwao suala lilikuwa ni nani apate, lini, na kwa muda gani. Anayekiuka anaadhibiwa. Magadi nayo wafugaji wa ukanda huu waliyajua tangu zamani, ya mifugo na ya ugoro. Hakuna aliyeona ziwa lile kuwa limekufa.

Samaki wenyewe waliingia kwenye vitabu mwaka 1905, wakati huku ni koloni la Mjerumani. Mtaalamu Hilgendorf wa Berlin alimpa mmoja jina la alcalica, yaani wa kwenye magadi. Ni perege wadogo sana. Mwaka 1999 Seegers na Tichy wakaongeza aina mbili za Natron, latilabris (mwenye midomo mipana) na ndalalani. Wanaaminika kutokana na ziwa moja kubwa la kale lililounganisha Natron na Magadi ya Kenya, kiasi cha miaka elfu kumi iliyopita. Ziwa lilipokauka, wao wakabaki kwenye vidimbwi na chemchemi za pembeni.

Na hawafi kwa nini? Jibu lilitoka mwaka 1989, kwa utafiti uliofanyika kwa ndugu yao wa ziwa Magadi. Samaki wa kawaida hutoa uchafu wa mwilini kama amonia kupitia mashavu. Kwenye maji yenye pH ya 10 amonia haitoki vizuri, inamrudia mwenyewe na kumuua. Huyu wa Magadi anaigeuza kuwa urea, kama tunavyofanya mimi na wewe. Basi! Hilo ndilo jibu nililotakiwa kulitoa darasani.

Lakini historia haikuishia hapo. Mwaka 1954 Leslie Brown aligundua kwamba heroe, wale tunaowaita flamingo, wanazaliana katikati ya Natron. Alijaribu kuwafuata kwa miguu kwenye tope la magadi, akaungua miguu vibaya na nusura afe. Leo inajulikana kuwa sehemu kubwa ya heroe wadogo wa dunia nzima huzaliwa pale. Tope lile lile lililomuunguza ndilo linalowazuia fisi na mbweha wasifikie viota. Mwaka 2001 Natron ikaingizwa kwenye mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu.

Miaka michache baadaye ikaja hesabu nyingine. Shirika la Maendeleo la Taifa pamoja na Tata ya India wakapanga kiwanda cha kutoa tani 500,000 za magadi kwa mwaka. Tathmini ya mazingira ikafanyika, mwaka 2007 ikabishaniwa hadharani, na mwaka 2008 Tata ikajitoa. Mwaka 2011 Rais Kikwete akalirudisha suala mezani, kisha macho ya serikali yakahamia kwenye magadi ya Engaruka.

Sikatai kiwanda kwa mazoea. Mimi ni mtoto wa kule, najua ajira ina maana gani. Ila nikizipanga tathmini hizi zote naona kila mpimaji alipata jibu la swali alilokuja nalo. Wa kiwanda alipima tani, wa ndege akahesabu ndege, na mimi na litimasi yangu nikapima rangi, nikaliita ziwa zima baya. Vile visamaki havina mtalii wa kuvipigia picha. Vinategemea chemchemi chache, na ziwa lenyewe halifiki kina cha mita tatu. Mto Ewaso Ng'iro unaoliingia unatoka Kenya, kwenye milima ya Mau. Msitu ukikatwa huko au mto ukizuiwa, maji ya Natron yanabadilika bila mtu wa Digodigo kuulizwa.

Wenamiji wangeuliza kwanza: maji haya ni ya nani mwingine? Swali hilo sikulisikia kwenye somo langu la kemia.

Kwa hiyo mdogo wangu wa kidato cha pili, maji yale si mabaya. Ni mabaya kwako na kwangu kuyanywa, lakini kwa wale perege ndiyo nyumbani. Nimeliandika jibu hili kwenye karatasi, namtafuta mtu wa kulipeleka. Likizo nikienda nitalirudia mwenyewe darasani, wakinikubalia.

Maharage yameiva, naitwa. Wa kanda ile mniambie mnachokijua, hasa wa Engaresero. Tuonane tena.