Kiungulia nyuma ya operesheni ya kupunguza uzito: kwanza ijulikane operesheni ilikuwa gani

Mutu anaweza kufanyiwa operesheni ya kupunguza uzito India, Afrika Kusini ao Ulaya, kisha anarudia Goma, Bukavu ao Bunia na furaha. Kilo zinashuka, nguo za zamani zinamuenea tena. Miezi ao miaka ikipita, anaanza kuamka usiku: kifua kinawaka, maji makali yanapanda mpaka mudomoni, kikohozi hakiishi. Anaenda ku farmasi kuuza omeprazoli. Ikiisha, anarudia kuuza ingine. Mwaka unapita hivyo, na hakuna munganga mwenye amemupima.

Shida ni kwamba kiungulia hiki si ugonjwa mumoja. Sababu yake inategemea operesheni yenye mutu alifanyiwa, na matunzo pia yanategemea hiyo.

Kila operesheni na sababu yake

Operesheni yenye karatasi inaita «sleeve»: waganga wanakata na kuondoa karibu robo tatu ya tumbo ao zaidi. Tumbo yenye inabaki iko nyembamba na ndefu, sawa ndizi. Haiwezi kupanuka kama zamani, kwa hiyo chakula na hewa vikiingia, vinasukuma kwa nguvu kwenda juu. Mulango wenye uko kati ya tumbo na umio (njia yenye chakula kinashukia) unaweza kulegea, na asidi inapanda. Wakati mwingine tumbo imebanana katikati, ao sehemu yake ya juu imepanda ndani ya kifua. Watu wengine wenye hawakukuwa na kiungulia hata kidogo wanaanza kukipata nyuma ya operesheni hii.

«Bypass» ya kawaida, yenye inaitwa pia Roux-en-Y: wanaacha kafuko kadogo tu ka tumbo, kisha wanakaunganisha na utumbo. Kafuko hako kanatoa asidi kidogo, ndiyo maana mara mingi kiungulia kinapunguka. Kama mutu wa bypass anaanza kusikia moto ao maumivu juu ya tumbo, inafaa kufikiria kidonda pale waliposhona. Sigara, dawa fulani za maumivu na mikrobe Helicobacter pylori vinaweza kuleta kidonda hicho.

«Mini-bypass»: hapa nyongo inaweza kupanda mpaka ndani ya umio. Omeprazoli inapunguza asidi, lakini haizuii nyongo.

«Anneau», ni kusema pete yenye inafunga tumbo: ikikazwa sana, chakula na asidi vinarudi juu. Dawa yake ya kwanza ni munganga kutoa maji kidogo ndani ya pete kwa sindano, ili ilegee.

Matunzo ya nyumbani

Kula kidogo kidogo na polepole kunasaidia sana. Fufu, yenye watu wengi wanazoea kumeza bila kutafuna, inapaswa kukatwa vidonge vidogo na kutafunwa. Kunywa kufanyike mbele ya chakula ao nyuma yake, hapana pamoja nacho. Kati ya chakula cha mwisho na kulala kupite masaa 3. Kichwa cha kitanda kinaweza kuinuliwa kwa kuweka matofali chini ya miguu yake. Mito mingi chini ya kichwa haitoshi, sababu inakunja tumbo.

Pilipili, kahawa, mafuta mingi na vinywaji vya gazi vipunguzwe kama vinaamsha moto. Sigara iachwe kabisa. Pombe pia ni hatari zaidi kuliko zamani: nyuma ya operesheni hizi inaingia haraka sana katika damu.

Dawa

Omeprazoli inafanya kazi muzuri ikimezwa asubuhi kwa tumbo tupu, dakika 30 mpaka 60 mbele ya kula. Kuimeza tu siku kifua kinawaka kunaleta faida kidogo. Kwa mutu wa bypass, munganga anaweza kuagiza kapsuli ifunguliwe na chembe zake zimezwe bila kutafunwa, sababu kapsuli nzima inaweza kupita kafuko mbele ya kuyeyuka.

Kuitumia miaka mingi bila kupimwa si muzuri. Inaweza kupunguza vitamini B12, feri na manyezi mwilini, na watu wenye walifanyiwa operesheni hizi tayari wako katika hatari ya kupungukiwa. Inafaa wapimwe damu na wapewe vitamini zao.

Ibuprofeni na diklofenaki, zenye zinauzishwa kila kona ya soko, zinaweza kutoboa pale waliposhona. Mutu wa bypass asizitumie. Wa sleeve pia aziepuke. Aspirini isitumiwe pasipo munganga kuagiza. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli ni salama zaidi.

Kama dawa haisaidii ao kumeza kunakuwa nguvu, lazima fibroskopi, ni kusema kuangalia ndani kwa kamera ndogo. Kwa watu wa sleeve, shirikisho la kimataifa la wapasuaji wa unene (IFSO) lilishauri fibroskopi mwaka 1 nyuma ya operesheni, kisha kila miaka 2 ao 3, hata kama mutu hasikii kitu. Sababu ni kwamba asidi inaweza kugeuza ngozi ya ndani ya umio, na mabadiliko hayo yanaweza kufika ku kansa.

Dawa zikishindwa kwa mutu wa sleeve, mara mingi wapasuaji wanageuza sleeve kuwa bypass ya kawaida.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Kutapika damu, choo cheusi sawa lami, maumivu makali ya gafula ndani ya tumbo, ao kushindwa kumeza hata maji: hakuna kungoja asubuhi. Kifua chenye kinabana pamoja na jasho, maumivu yakienda ku mukono ao ku taya, kinaweza kuwa moyo.

Kutapika siku mingi kuna hatari ingine yenye watu wengi hawajui. Mwili unaishiwa vitamini B1. Mugonjwa anaanza kutembea sawa mulevi, anaona vitu mara mbili, anachanganyikiwa. Akiwekewa serum ya glukozi bila vitamini B1, ubongo unaweza kuharibika na usirudie tena vile ulikuwa. Famili inapaswa kumwambia munganga waziwazi: huyu alipasuliwa tumbo ili apunguze uzito, apewe vitamini B1 mbele ya glukozi ao pamoja nayo.

Karatasi

Ndiyo maana mutu asitoke hospitali kwenye alipasuliwa bila ripoti yenye kuandikwa jina la operesheni na tarehe. Katika majimbo yenye famili inaweza kuacha nyumba kwa saa moja, karatasi inapotea rahisi. Picha ya ripoti ibaki ku telefone yake, na ingine ku telefone ya ndugu. Siku mugonjwa mwenyewe hataweza kusema, hiyo picha itasema kwa pahali pake.