Kadi Isiyovuka Ziwa: Bima ya Afya na Tofauti za Huduma Bukoba na Muleba

Tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipitishwe mwaka 2023, mjadala umeshikilia idadi ya wenye kadi. Kwa Bukoba na Muleba, wilaya za kando ya Ziwa Victoria mkoani Kagera, swali la idadi halitoshi. Mfuko wa bima utapunguza tofauti za huduma baina ya makundi pale utakapofuatilia kadi ilitumika wapi, na nani anachangia bila kutibiwa. Marekani imekwisha kulionja hili: ripoti ya Taasisi ya Tiba (Institute of Medicine) ya 2003, Unequal Treatment, ilionyesha kuwa weusi na makundi mengine ya wachache walipata huduma duni hata pale bima na kipato vilipolingana na vya weupe. Kampuni ya bima ya Aetna ilikuwa imeanza mwaka 2002 kuwauliza wanachama asili yao ili pengo lionekane.

Atakayesema Tanzania isiige hilo yuko sahihi. Sensa yetu ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967, na kulirudisha swali hilo kwenye fomu ya bima ni kuchokoza lililotulia. Wala halihitajiki. Muleba pengo hufuata maji kuliko nasaba. Nchi kavu, kwenye vijiji vya migomba na kahawa vya Wahaya, ziko Rubya, Ndolage na Kagondo, hospitali zilizoanzishwa na makanisa. Visiwani Bumbire, Goziba na Ikuza wamo wavuvi, wengi wao wahamiaji, ambao rufaa kwao ni mtumbwi, petroli na hali ya ziwa. Kata, mwalo na kazi ya mwanachama vinatosha kumtambua anayeachwa nyuma. Pengo hilo lilianzia kwenye mchango wenyewe: Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa mwaka 2018 ulitoza shilingi 30,000 kwa kaya ya hadi watu sita. Kiwango kimoja kwa wote kina sura ya haki, ila kambi ya dagaa imejaa vijana waliokuja peke yao, na fedha yao huja mwezi ukiwa gizani, si kwa msimu wa kahawa. Mvuvi aliyelipa akashindwa kuvuka amemgharimia jirani wa hospitali.

Itadaiwa kuwa zahanati na boti ni kazi ya serikali. Kujenga, ndiyo, lakini mlipaji ndiye anayeamua kipi kinalipwa. Mfuko unaweza kuilipa zahanati ya kisiwani zaidi kwa kila mgonjwa, kuihesabu nauli ya boti kuwa sehemu ya rufaa, na kupokea mchango kidogokidogo kwa simu kufuata mwezi. Pingamizi zito ni gharama: Toto Afya Kadi, bima ya hiari ya watoto, ilisitishwa 2023 kwa kuwa waliojiunga walikuwa zaidi watoto wagonjwa. Hata hivyo mfano huo unaitetea hoja hii. Mfuko wa hiari hudhoofika wenye afya wakibaki nje, na kambi za uvuvi zimejaa vijana wenye nguvu. VVU ni tatizo kubwa mialoni, kweli, lakini dawa zake hutolewa bure, nje ya bima.