Floridi, Ioni Tunayoiita Madini

Ukitoka Arusha kuelekea Moshi utapita mahali panapoitwa Maji ya Chai. Jina hilo limetokana na rangi ya mto wake. Rangi ya maji kila mtu anaiona. Floridi iliyomo haionekani wala hainuki, na athari yake hujitokeza miaka mingi baadaye kwenye meno ya watoto, madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki.

Katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara watu husema maji yana "madini ya floridi". Msemo umezoeleka, lakini unapotosha. Mtu akisikia madini huwaza punje au unga, kitu cha kuchuja kwa kitambaa au kusubiri kituame chini ya ndoo. Mwingine huchemsha, kwa kuwa tumefundishwa tangu utotoni kwamba maji salama ni yaliyochemshwa. Ni kweli moto unaua vijidudu. Floridi haiendi na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki sufuriani, na kiwango chake kwa lita kinapanda.

Istilahi inayofaa hapa ni ioni. Atomu ya florini ina elektroni 9, na 7 kati ya hizo ziko kwenye mzingo wa nje, ambao hujaa zikifika 8. Ikipata moja iliyopungua, inabeba chaji hasi, yaani inakuwa ioni, na jina linabadilika mkia: florini inakuwa floridi, kama klorini inavyokuwa kloridi katika chumvi ya mezani. Mwanafunzi asiupuuze mkia huo. Florini ni gesi ya sumu kali inayoshambulia karibu kila inachokigusa, maji yakiwemo. Floridi hukaa majini kwa utulivu, kila ioni ikizungukwa na molekuli za maji. Anayeandika kwamba kisima kina florini amekosea kemia.

Na tuseme floridi imemumunyika. Wengi huandika imeyeyuka, lakini samli nayo huyeyuka ikipata moto, na hilo ni badiliko la namna nyingine kabisa.

Kwa nini iwe nyingi huko? Miamba ya volkeno inayouzunguka Mlima Meru ina floridi, ila hiyo ni nusu tu ya jibu. Nusu ya pili ni kalsiamu. Floridi ikikutana na kalsiamu ya kutosha, huungana kuwa kalsiamu floridi, ambayo humumunyika kwa shida sana, basi hujitenga na kutuama. Maji mengi ya ukanda huo yana sodiamu na bikabonati kwa wingi na kalsiamu kidogo, na sodiamu haiishiki floridi hivyo. Kwa sababu hiyo magadi ya ukanda huohuo, ambayo ni chumvi ya sodiamu na yanayotiwa kwenye makande na maharage yaive upesi, nayo yanaweza kuongeza floridi mwilini juu ya ile ya maji.

Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania ilivumilia 4 kwa miaka mingi, kwa kuwa vyanzo mbadala vilikuwa vichache. Kiwango kikizidi sana kwa muda mrefu, mifupa na viungo hukakamaa na kuuma.

Dawa inayotumika sana kuondoa floridi majini ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao umetafitiwa katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Watu huuita chujio, nami naona jina hilo linaendeleza kosa lilelile. Mfupa una kalsiamu, fosfati na ioni za haidroksidi. Floridi huingia na kuchukua nafasi ya haidroksidi. Nafasi hizo zina mwisho. Zikijaa, maji hupita yakiwa angavu kama jana, na floridi yake yote imo. Familia inayoamini ina chujio itasubiri lizibe ndipo ilibadilishe, na halitaziba.

Wanaoandika vipeperushi vya afya na maji, andikeni "ioni za floridi zilizomumunyika", kisha elezeni kwa sentensi moja kwamba hazichujwi kwa kitambaa wala haziondoki kwa kuchemsha. Nawe unayechota kisima cha ukanda huo, peleka sampuli ikapimwe maabara kabla hujamnywesha mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajijenga.