Mafuta ya Nazi: kutoka Unguja hadi London

Ndugu zangu mliotawanyika, historia ya ukoo haimo katika nasaba peke yake. Imo pia jikoni. Kabla ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, bibi zetu wa Unguja walijipikia mafuta ya nazi wenyewe. Walikuna nazi kwa mbuzi, wakakamua tui kwa kifumbu, wakalichemsha mpaka maji yakakauka na mafuta yakajitenga na mashapo. Yakipoa waliyachuja, wakayatia katika chupa iliyokauka vyema, kwani maji yakibaki ndani huyaharibu upesi.

Sisi tuliofika London baadaye tulikutana na tabia yake nyingine. Chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi mafuta haya huganda, yakawa meupe kama mshumaa. Watoto waliozaliwa huku walidhani yameoza, wakataka kuyatupa. Mama zetu waliyahamishia katika makopo ya mdomo mpana, wakayachota kwa kijiko kikavu, wakayafunika na kuyaweka mbali na jiko na mwanga. Kijiko kimoja kilitosha kukaangia vitunguu vya mchuzi wa samaki. Kiasi hicho chafaa hata leo, maana mafuta haya yakizidi hupandisha lehemu katika damu.

Wazee wanaojua kuyapika wanapungua kila mwaka. Basi kila tawi la ukoo na liwaulize walio hai, liandike, kabla chupa ya dukani haijawa kumbukumbu yetu pekee.