Ramani za Kale Sebuleni: Tazama Kwanza Mafia

Bibi harusi mmoja ameniuliza: anataka sebule yake mpya iwe na ramani ya kale ya visiwa vyetu, lakini atajuaje ni ya lini? Muuzaji mara nyingi hajui, au anajua akanyamaza.

Mimi hutazama Mafia. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikaa zikapima mali ya Sultan Barghash. Zikamwachia Unguja, Pemba, Mafia, Lamu, na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu, kutoka Tungi hadi Kipini. Bara wakagawana wenyewe. Mwaka 1890 wakaandikiana tena: Unguja na Pemba zikawa chini ya ulinzi wa Mwingereza, Mafia na Mrima zikaenda kwa Mjerumani, na Sultan akalipwa marki milioni 4. Basi ukiona ule mstari wa maili 10 kisha Mafia ina rangi moja na Unguja, ramani hiyo inaonyesha hali ya miaka ile minne. Mafia ikiwa na rangi ya Wajerumani, ni baada ya hapo.

Rangi tu, utasema. Lakini ni watu waliokuwa wakioana na kuzikana, na hakuna aliyewauliza.

Ninazozipenda zaidi ni za Oscar Baumann, Mwaustria, aliyeandika juu ya Mafia, Unguja na Pemba katika vitabu vilivyotoka Leipzig kati ya 1896 na 1899. Bendera zilishatengana, yeye akavihesabu visiwa vyote vitatu kuwa funguvisiwa moja.

Wapo wanaosema kutundika ramani ya mkoloni ni kumtukuza. Siafiki. Hati ya aliyekuchukulia shamba huitupi, unaiweka. (Na jambo dogo: hizi huchorwa kaskazini juu, na Makka kwetu iko karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo ukingo wa juu ndio upande wa kibla. Al-Idrisi, mwaka 1154, alichora kusini juu.)

Shoga, kabla hujatoa pesa uliza kama ni nakala. Nakala si haramu, ila isiuzwe kwa bei ya asili. Ipeleke dirishani: karatasi ya kale aghlabu ina alama ya mkunjo katikati, kwa kuwa ilitolewa kwenye atlasi. Ukishainunua, usiitundike panapopigwa na jua, wala ukuta wenye unyevu wa masika.