Mifuko ya Fahirisi: Tunda la Ushirikiano wa Wanazuoni na Taasisi za Fedha

Mfuko wa fahirisi ni mfuko wa uwekezaji unaonunua hisa za kampuni zote, au karibu zote, zinazounda kipimo fulani cha soko, badala ya kumlipa meneja achague chache anazodhani zitapanda bei. Aina hiyo ya uwekezaji, ambayo leo hubeba akiba za uzeeni za mamilioni ya watu, haikubuniwa na mabenki peke yake wala vyuo vikuu peke yake.

Chimbuko lake ni swali la kibiashara. Mwaka 1960, kampuni ya udalali wa hisa ya Merrill Lynch ilitaka kuwatangazia wananchi wa kawaida wa Marekani kuwa hisa ni uwekezaji unaofaa. Ilimwuliza Profesa James Lorie wa Chuo Kikuu cha Chicago wawekezaji walikuwa wamepata faida kiasi gani, ikabainika kuwa hapakuwa na aliyejua kwa hakika. Kampuni ikatoa fedha, na chuo kikaanzisha kituo cha utafiti wa bei za dhamana. Lorie na mwenzake Lawrence Fisher walikusanya bei za kila mwezi za hisa za kawaida zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la New York tangu mwaka 1926. Kunakili bei kulikuwa kazi nyepesi; uzito ulikuwa katika kuhesabu kila gawio, kila mgawanyo wa hisa na kila kampuni iliyounganishwa au kufilisika. Mwaka 1964 walitoa jibu: mwekezaji asiyelipa kodi, aliyerudisha magawio yake yote katika hisa kati ya 1926 na 1960, angepata takriban asilimia 9 kwa mwaka.

Mfadhili alipata alichokitaka. Utafiti, hata hivyo, haukukomea pale ulipoifurahisha sekta. Mwaka 1968 Michael Jensen, aliyesomea Chicago, alichapisha uchambuzi wa mifuko 115 ya uwekezaji wa pamoja kwa miaka 1945 hadi 1964. Ulionesha kuwa, kwa wastani, mameneja hawakufanikiwa kurudisha hata gharama za udalali kwa uchaguzi wao wa hisa.

Benki ya Wells Fargo iliyachukua mawazo hayo kwa uzito. John McQuown, aliyeajiriwa humo mwaka 1964, aliwaita wanazuoni wakiwamo Fischer Black na Myron Scholes kuwa washauri. Mwaka 1971 benki hiyo ilianza kusimamia dola milioni 6 za mfuko wa pensheni wa Samsonite, watengenezaji wa masanduku, kwa kuzigawa sawasawa katika hisa zote za soko la New York. Hapo nadharia ilikutana na meza ya biashara. Bei hubadilika kila siku, hivyo usawa huo ulihitaji kununua na kuuza bila kukoma, na kila muamala ulikuwa na gharama. Mfuko mwingine ulioanzishwa mwaka 1973 ulifuata fahirisi ya S&P 500, ambamo kila kampuni hupewa uzito kulingana na thamani yake sokoni; bei zikipanda au kushuka, uzito hujirekebisha wenyewe. Anayefuatilia taarifa za Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, huona jambo hilo hilo: kampuni kubwa ndiyo huitikisa fahirisi zaidi.

Ukaribu huo umewahi pia kuleta hasara. Scholes na Robert Merton, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1997, walikuwa wabia wa mfuko wa Long-Term Capital Management ulioanza kazi mwaka 1994. Tofauti na takwimu za Chicago, zilizochapishwa ili zipimwe na yeyote, mikakati ya mfuko huo ilikuwa siri na iliendeshwa kwa mikopo mikubwa mno. Urusi iliposhindwa kulipa madeni yake Agosti 1998, mfuko uliyumba, na mwezi uliofuata taasisi 14 za fedha zililazimika kuchangia takriban dola bilioni 3.6 kuuokoa, chini ya uratibu wa Benki Kuu ya Marekani tawi la New York. Baadhi yao ndio waliokuwa wameukopesha, bila kufahamu ulidaiwa kiasi gani kwingineko.